Futi 500 juu ya maji: safari za ndege ndogo pwani na sheria za kuruka chini

Ukikaa ufukweni Diani, Watamu au Nungwi asubuhi yenye anga safi, haichukui muda kabla ya kupita ndege ndogo inayofuata pwani, chini kiasi kwamba unasoma herufi zilizoandikwa ubavuni. Watoto watapunga mikono. Mtu mzima mmoja atasema rubani anavunja sheria. Mwingine atamjibu kwamba baharini hakuna sheria, mradi hajamgonga mtu. Huenda wote wawili wamekosea. Sheria ya kuruka chini haina namba moja, ina namba kadhaa zilizopandana, na kila namba hupimwa kutoka mahali pake. Halafu kuna swali ambalo rubani anapaswa kujiuliza kabla hata ya kufikia hizo namba: injini ikizimika hapa nilipo, ninatua wapi?

Namba zenyewe zinatoka mbali. Tarehe 7 Desemba 1944 mataifa yalikutana Chicago na kutia saini Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, ambao ndio uliozaa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal. Mkataba huo una viambatisho, na cha pili ndicho chenye kanuni za anga. Kwa ndege inayoruka kwa macho, yaani rubani anaongozwa na anachokiona nje na si kwa vyombo peke yake, kiambatisho hicho kinataka mambo mawili. Juu ya mji, makazi yaliyosongamana au mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, usiwe chini ya futi 1,000 (mita 300) kutoka kilele cha kizuizi kirefu kuliko vyote kilichomo ndani ya mita 600 kutoka ulipo. Mahali pengine popote, usiwe chini ya futi 500 (mita 150) juu ya ardhi au maji.

“Au maji.” Maneno hayo mawili yanamaliza nusu ya ule ubishi wa ufukweni.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa ICAO, na kanuni zao zimejengwa juu ya msingi huo huo. Upande wa Kenya msimamizi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Upande wa Tanzania ni mwenzake TCAA, ambayo mamlaka yake yanafika Zanzibar pia. Wapo wanaodhani kwamba ukishatoka nje ya maili 12 za bahari ya nchi, yaani kilomita 22 hivi, unaingia mahali pasipo na mwenyewe na unaweza kuruka upendavyo. Mkataba wa Chicago uliliona hilo mapema. Ibara ya 12 inasema kwamba juu ya bahari kuu kanuni zinazotumika ni zile zilizowekwa chini ya mkataba wenyewe. Kwa hiyo ukiwa ndani ya bahari ya nchi unafuata sheria ya nchi, na ukitoka nje unakutana na Kiambatisho cha 2 moja kwa moja. Hakuna pengo katikati.

Kuna misamaha miwili. Wa kwanza ni kupaa na kutua, na huo ndio unaoeleza mengi ya yanayowashtua watu wa pwani. Kiwanja cha Ukunda kiko karibu sana na ufukwe wa Diani, kwa hiyo ndege inayokuja kutua itapita chini juu ya hoteli na minazi, na hapo haijakosa lolote. Kiwanja cha Manda kimetazamana na mji wa Lamu na kimezungukwa na maji na mikoko. Ndege haiwezi kukifikia bila kushuka juu ya maji. Ila msamaha huu ni wa anayetua kweli. Rubani anayeshuka futi 100 juu ya ufukwe wa Paje, kusiko na kiwanja, kisha akapanda tena ili abiria wapige picha, hawezi kusema alikuwa anatua. Msamaha wa pili ni kibali cha mamlaka: kupiga filamu, kuhesabu wanyama, kutafuta waliopotea baharini. Kibali hicho huombwa kabla ya safari. Hakiombwi redioni wakati ndege imeshashuka.

500 mbili tofauti

Anayetazama video za marubani wa Marekani au Uingereza huwaona wakipita futi 50 juu ya bahari tupu huku wakicheka, na hakuna anayewashitaki. Hiyo ni kwa sababu kule futi 500 hupimwa kwa namna nyingine.

Kwa msingi wa ICAO, futi 500 ni sakafu. Iko pale iwe kuna mtu chini au hakuna. Sheria ya Marekani nayo inaweka sakafu ya futi 500, lakini inaiondoa juu ya maji ya wazi na maeneo yenye watu wachache sana, na badala yake inataka rubani asikaribie mtu, chombo cha majini, gari wala jengo kwa chini ya futi 500 kutoka upande wowote. Uingereza nayo ina ruhusa ya jumla yenye sura hiyo hiyo. Kwa kipimo hicho, bahari ikiwa tupu rubani anaweza kushuka sana. Ikitokea ngalawa moja ya mvuvi, lazima apande au akae kando.

Tofauti hii inaonekana vizuri Beachy Head, kwenye majabali meupe ya kusini mwa Uingereza, njia inayopendwa mno na marubani wa huko kwa ajili ya mandhari. Jabali lina kimo cha mita 162, yaani futi 531. Ndege iliyo futi 500 juu ya maji, karibu na ukuta wa jabali, iko chini ya miguu ya watu wanaotembea kileleni. Ukipima sakafu tu, iko sawa. Ukipima umbali kutoka kwa watu, lazima iende mita 150 mbali nao, hata kama inabidi kutoka kuelekea baharini. Pwani yetu ni tambarare, kwa hiyo hali kama hiyo ni nadra, lakini rubani mgeni aliyezoea kipimo cha kwao akija kukodi ndege huku na kushuka futi 200 juu ya mkondo mtupu atakuwa ameshavunja sheria bila kumkaribia mtu yeyote.

Na hata Marekani kuna kifungu kinachotangulia vyote: popote ulipo, uwe katika kimo ambacho injini ikizimika unaweza kutua kwa dharura bila kuhatarisha isivyostahili watu na mali zilizo chini. Kifungu hicho hakina namba. Kwa maoni yangu ndicho kifungu chenye akili kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika upesi.

Mji unaanzia wapi

Futi 1,000 za juu ya makazi zina utata wake. Kanuni ya kimataifa haisemi ni nyumba ngapi zinazofanya mahali paitwe pamesongamana. Mji Mkongwe, Mombasa Kisiwani na Bagamoyo mjini havina ubishi. Je, Nungwi, ambako hoteli zimeshikana ukuta kwa ukuta? Jambiani, kijiji kirefu kilichojinyoosha na ufukwe? Rubani mwenye busara huhesabu vijiji vya namna hiyo kama mji, maana jambo likifika mbele ya mamlaka atakayeamua kama palisongamana si yeye.

Mkusanyiko wa watu nao unabadilisha sheria ya mahali pale pale kwa siku moja. Ufukwe wa mbele ya Lamu siku ya kawaida na ufukwe huo huo wakati wa Maulidi si kitu kimoja. Makunduchi wiki hii na Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, vivyo hivyo. Mashindano ya ngalawa yakiwavuta watu mchangani, waliosimama pale ni mkusanyiko mahali pa wazi, na futi 500 za jana zinakuwa 1,000 leo.

Kumbuka pia kwamba kipimo hakianzii kwenye paa la nyumba. Kinaanzia kwenye kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600. Kama kuna mnara wa simu wenye futi 200, rubani anahitaji futi 1,200 juu ya ardhi, si 1,000. Na altimeta yake, yaani kipima kimo, haimwambii hilo. Altimeta husoma kimo kutoka usawa wa bahari, na husoma vizuri ikiwa tu imewekewa shinikizo la hewa la mahali hapo. Kila hektopaskali moja (kipimo cha shinikizo la hewa) ya kosa ni karibu futi 28. Aliyeiacha kwenye 1013 wakati shinikizo halisi ni 1009 ataona 500 kwenye kioo ilhali yuko karibu na 390.

Juu ya sakafu hizi kuna tabaka nyingine. Anga ya kuzunguka Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar inaongozwa na mnara, na humo rubani haingii bila ruhusa wala hajichagulii kimo. Kuna maeneo yaliyopigwa marufuku, yenye masharti au ya hatari, yanayoandikwa kwenye ramani za anga kwa herufi P, R na D. Kuna NOTAM, matangazo ya muda kwa marubani, ambayo yanaweza kufunga kipande cha pwani kwa saa chache tu. Na kuna hifadhi. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, na Mafia tangu 1995. Saadani ni hifadhi ya wanyama inayogusana na bahari. Mwenye hifadhi anaweza kuwa na masharti yake juu ya wanaopita juu yake, kwa hiyo simu moja kabla ya safari ina faida.

Nchi zenye biashara kubwa ya safari hizi zimekwenda mbali zaidi. Hawaii, baada ya mfululizo wa ajali za ndege na helikopta za watalii, mamlaka ya Marekani iliweka mwaka 1994 kimo cha chini cha futi 1,500 kwa safari za mandhari, isipokuwa kwa kibali maalumu. Australia imewawekea nyangumi sheria yao: ndege ya mabawa isishuke chini ya futi 1,000 ndani ya mita 300 kutoka kwa nyangumi, na helikopta ikae juu zaidi na mbali zaidi. Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya na Tanzania kila mwaka kuanzia Julai hivi, na ukiwa na abiria wanne wenye kamera, hapo ndipo msimamo wa rubani hujaribiwa.

Sekunde 41

Sasa lile swali la injini. Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia. Injini ikizimika haianguki wima. Kwa kasi ya noti 65 hivi (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), inateleza mbele takriban futi 9 kwa kila futi 1 inayoshuka. Kutoka futi 500 hiyo ni kilomita 1 na mita 370, na muda wote uliobaki ni sekunde 41. Hapo upepo haujahesabiwa, wala mshangao. Sekunde za kwanza mtu huzitumia kutoamini. Kisha inabidi ashushe pua ili kasi isife, achague pa kutua, ajaribu tangi jingine la mafuta, aite redioni, awaambie abiria, na afungue mlango kabla ya kugusa maji ili usije ukajibana. Hakuna anayeyamaliza yote. Kutoka futi 3,000, ndege hiyo hiyo ina dakika 4 na kilomita 8.

Kwa hiyo rubani anayefuata ufukwe akiwa futi 500 na mita 300 kutoka mchangani ana pa kwenda, lakini ikiwa tu mchanga upo na hauna watu. Upande wa mashariki wa Unguja jambo hili hubadilika mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji yakitoka Paje, unabaki uwanja mpana wa mchanga na mashamba ya mwani, na akina mama wameinama humo wakivuna. Yakijaa, unabaki ukanda mwembamba wenye vitanda vya hoteli na vibanda vya kukodi kite. Aliyeangalia hali ya hewa asiangalie majedwali ya kupwa na kujaa hajapanga safari ya pwani.

Kusi na upepo wa bahari wa mchana humsukuma mwenye injini iliyokufa kuelekea nchi kavu, na hiyo ni heri. Lakini kutua vizuri hutaka kuukabili upepo, na hapo kuukabili upepo ni kutazama bahari. Mara nyingi atalazimika kutua sambamba na ufukwe, upepo ukimpiga ubavuni.

Katikati ya mkondo wa Zanzibar hesabu hii inavunjika kabisa. Kati ya Unguja na bara, hata mahali pembamba, ni zaidi ya kilomita 30. Ukiwa katikati na Cessna 172, hata futi 6,000 hazikufikishi ufukweni kwa uhakika. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za uendeshaji zinataka ndege ya injini moja ya biashara ibebe maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo pindi inapokwenda mbali na pwani kuliko inavyoweza kuteleza. Ndege nyingi za safari za visiwani ni Cessna Caravan, zenye injini moja ya tabini, ambayo ni ya kuaminika kuliko injini ya pistoni ya ndege ndogo. Hata hivyo ni moja.

Ajali nyingi za kuruka chini, lakini, hazihitaji injini kuzimika. Hutokea rubani akizunguka kitu: nyangumi, jahazi, hoteli ya rafiki. Ndege ikilala upande, bawa linahitaji kasi kubwa zaidi ili liendelee kubeba. Ikilala digrii 45, inahitaji asilimia 19 zaidi. Ikilala digrii 60, asilimia 41. Ile Cessna 172 ambayo bawa lake huacha kubeba kwenye noti 48 ikiwa sawasawa, itaacha kwenye 68 ikiwa imelala digrii 60. Macho ya rubani yako kwenye nyangumi, si kwenye kipima kasi. Upepo ukiwa nyuma yake, maji yanapita kwa kasi chini na anajidanganya kwamba anakwenda mbio, basi anapunguza nguvu. Futi 3,000 juu, kosa hilo hurekebishika. Futi 500 juu, maji yako karibu mno.

Bahari nayo hudanganya macho. Siku ya maji shwari, kama zile za matlai kabla ya kaskazi kuanza, uso hauna alama na rubani hawezi kukisia kimo kwa kutazama. Kukiwa na utusitusi, bahari na mbingu huwa rangi moja na mstari wa upeo hupotea. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mtoto wa aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa akirusha ndege yake ndogo aina ya Piper kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, juu ya maji, katika ukungu. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza hisia ya juu na chini, na wote watatu waliokuwemo walikufa. Kwetu jua huzama na giza kuingia upesi, na safari za kutazama machweo ndizo zinazonunuliwa sana. Zipange ili magurudumu yawe chini kabla jua halijazama.

Upande wa abiria

Ukinunua tiketi ya safari ya mandhari, swali la kwanza ni kama kampuni ina cheti cha kuendesha biashara ya usafiri wa anga. Leseni ya rubani binafsi, ambayo kwa kiwango cha ICAO hupatikana kuanzia saa 40 za kuruka, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa, haimruhusu mtu kulipwa kwa kurusha. Jamaa mwenye ndege anayekuomba “uchangie mafuta” kwa bei ya tiketi anakuweka mahali ambapo bima inaweza kukukana.

La pili ni boya. Livae kabla ya kupaa, lakini usilijaze hewa ukiwa ndani. Pwani ya Ngazija ina ushahidi wa hilo. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikashukia majini mbele ya ufukwe wa huko. Kati ya watu 175 walikufa 125, na baadhi yao walikuwa wamejaza maboya ndani ya ndege: maji yalipoingia, maboya yaliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kutoka. Cessna yenye mabawa juu na magurudumu yasiyokunjika huelekea kupinduka ikigusa maji, kwa hiyo jua mapema mkono wako wa mlango uko wapi na uushike bila kutazama.

Na kwa aliyebaki ufukweni akidhani ndege imepita chini mno: kukisia kimo kwa macho ni kazi ngumu, na wengi hukisia chini ya ukweli. Nyoosha mkono, uelekeze vidole juu yake inapopita utosini. Caravan ina mabawa ya futi 52 kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa futi 500 juu yako, mabawa hayo hufunikwa na vidole vitatu hivi vilivyoshikana. Cessna 172, yenye futi 36, hufunikwa na viwili. Ikizidi hapo kwa mbali, na hakuna kiwanja karibu, piga picha, andika saa na mahali, na herufi za ubavuni: zinazoanza na 5H zimesajiliwa Tanzania, na 5Y Kenya. KCAA na TCAA zikiwa na hayo mkononi zina pa kuanzia.